Jengo Linalofumulika: Uchumi wa Mzunguko Katika Ujenzi

Simama mbele ya ukuta wa zamani uliojengwa kwa matofali ya kuchoma na mota ya chokaa. Gonga kwenye kiungo, pale tofali linapokutana na tofali. Chokaa inapukutika kama unga, tofali linalegea, ukilivuta linatoka zima. Likwangue mara mbili tatu kwa mwiko na liko tayari kurudi ukutani. Sasa nenda kwenye ukuta uliojengwa baadaye kwa mota ya saruji. Gonga palepale, kwa nguvu ileile. Safari hii kinachoachia si mota, ni tofali. Linapasuka katikati, nusu inabaki imeng'ang'ania ukutani na nusu inaanguka miguuni, kwa kuwa saruji imelishika kuliko lenyewe linavyojishika.

Kuta zote mbili zilibeba paa, zikazuia mvua, zikakaa miaka yake bila lawama. Tofauti yao ilikuwa ndani ya karai, siku fundi alipochanganya mota. Siku hiyo ndipo ilipoamuliwa kwamba miaka 50 baadaye ukuta mmoja utatoa matofali na mwingine utatoa kifusi. Aliyeamua hakuwa mzoa taka, wala mwenye mtambo wa kusaga mawe. Alikuwa mjenzi.

Naanza hapo kwa sababu mazungumzo ya uchumi wa mzunguko katika ujenzi huanzia karibu kila mara mwisho wa safari, kwenye dampo, na swali huwa ni lilelile: kifusi hiki tukifanyie nini? Ni swali halali, lakini limechelewa. Kifusi kikishakuwa kifusi, sehemu kubwa ya thamani yake imekwisha kupotea, na mashine yoyote utakayoleta itaokoa masazo tu.

Kiswahili kimetuachia vitenzi vinavyolieleza jambo hili vizuri. Tunaezeka na kuezua. Tunapachika na kupachua, tunapanga na kupangua, tunabandika na kubandua, tunafuma na kufumua. Kitendo na kitendo kinachokirudisha nyuma vimetoka kwenye shina moja. Anayejua kufuma mkeka anajua pia aanzie wapi kuufumua. Linapokuja jengo, neno linalotujia mdomoni ni kubomoa, na kubomoa hakuna udugu wowote na kujenga. Katika makala haya nitatumia "kufumua" kwa maana ya kulitoa jengo kipande kwa kipande, kwa mpangilio uliogeuzwa wa jinsi lilivyojengwa, ili kila kipande kitoke kizima.

Uchumi tuliouzoea huenda kwa mstari: chimba, tengeneza, jenga, bomoa, tupa. Uchumi wa mzunguko unataka kitu kikishatolewa ardhini kibaki kazini kwa muda mrefu iwezekanavyo, tena katika hali yenye thamani kubwa iwezekanavyo. Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo wengi wanaifahamu. Nusu ya pili ndiyo inayosahaulika. Mlango ukihamishwa na kutumika tena kuwa mlango, umehifadhi mti, kazi ya seremala, msasa na rangi. Ukisagwa kuwa ubao wa kubana, umehifadhi nyuzi za mti tu. Ukichomwa, umetoa joto la saa chache. Yote matatu huitwa "kuokoa taka" kwenye ripoti, lakini hayalingani hata kidogo. Mwaka 1979 mbunge wa Uholanzi, Ad Lansink, aliyapanga mambo haya kama ngazi mbele ya bunge lake: kuzuia taka isitokee, kisha kutumia tena, kisha kurejeleza, kisha kuchoma ili kupata nishati, na chini kabisa kufukia. Ngazi hiyo imeingia katika sera za taka za nchi nyingi. Sekta ya ujenzi hata hivyo imezoea kuketi kwenye vidato vya chini.

Na sekta yenyewe ni kubwa mno. Kila mwaka dunia inatumia takriban tani bilioni 50 za mchanga na kokoto, na kwingi vinachimbwa kwenye mito na fukwe, kwa kuwa punje za mchanga wa jangwani zimesuguliwa na upepo hadi zikawa laini na hazifai kwa zege la kawaida. Saruji peke yake inazidi tani bilioni 4 kwa mwaka, na uzalishaji wake unatoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu. Katika Umoja wa Ulaya, zaidi ya theluthi moja ya taka zote zinatokana na ujenzi na ubomoaji.

Kinachojificha nyuma ya asilimia 70

Ulaya hiyohiyo inatupa somo zuri kuhusu jinsi takwimu inavyoweza kufunika jambo. Sheria ya taka ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2008 ilizitaka nchi wanachama, kufikia 2020, ziokoe angalau asilimia 70 ya taka zisizo na sumu za ujenzi na ubomoaji, kwa uzito. Nchi nyingi zimefika, na nyingine zimepita mbali. Anayesoma namba hiyo haraka atadhani kazi imekwisha.

Tazama maneno mawili. La kwanza ni "uzito". Zege na matofali ndivyo vizito, kwa hiyo ukivisaga hivyo tu umeshafika lengo, hata kama milango, vioo, mabomba, vigae na nyaya zote zimekwenda jaani. La pili ni "kuokoa". Ndani yake sheria imeruhusu kuhesabu pia kufukia mashimo: kifusi kikimwagwa kwenye machimbo ya zamani badala ya mchanga uliochimbwa, kimehesabiwa. Kwa hiyo jengo la ghorofa kumi lililosimama kwa hesabu za wahandisi na jasho la mafundi linaweza kusagwa likawa tabaka chini ya barabara, na takwimu zikasema limeokolewa. Sisemi kazi hiyo haina maana, kwani kila tani ya kokoto ya kusaga inayoingia chini ya barabara ni tani moja ambayo haikuchimbwa. Lakini ni kushuka ngazi, na barabara inayomeza kifusi leo haitakirudisha kesho kuwa nguzo.

Kwa nini zege lisirudi tu kuwa zege? Hapa inabidi tuingie ndani ya tanuri, maana bila kuelewa kinachotokea humo mjadala wote wa saruji unabaki hewani.

Saruji huanza na mawe ya chokaa. Yanasagwa pamoja na udongo wa mfinyanzi, kisha yanachomwa hadi kwenye nyuzi joto karibu 1,450 za Selsiasi. Katika joto hilo jiwe la chokaa linavunjika: linaachia kaboni dioksidi na kubaki chokaa hai, ambayo inaungana na silika ya udongo na kutoa vidonge vigumu viitwavyo klinka. Klinka ikisagwa na jasi kidogo ndiyo saruji ya kwenye mfuko. Takriban asilimia 60 ya kaboni dioksidi ya saruji inatoka kwenye jiwe lenyewe, si kwenye moto. Hata tanuri likiendeshwa kwa nishati safi kabisa, hewa hiyo bado itatoka, kwa sababu ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe.

Ukimwaga maji, saruji inaanza kujenga fuwele mpya zinazoshikamana na mchanga na kokoto. Badiliko hilo ni la kikemia. Ukilisaga zege la zamani unapata vipande vya kokoto vilivyofunikwa na saruji iliyokwisha kufa, isiyoweza tena kushika kitu. Hiyo inafaa kushika nafasi ya kokoto mpya, ingawa ganda lake linakunywa maji mengi na mhandisi hulazimika kurekebisha vipimo. Gundi yenyewe lazima inunuliwe upya, na gundi ndiyo iliyobeba karibu uchafuzi wote. Kwa maana hiyo kusaga zege kunapunguza uchimbaji wa mawe, lakini hakugusi sana hewa chafu ya tanuri.

Zipo njia zinazojaribu kufungua fundo hili. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba ile saruji iliyokufa, ikitenganishwa na kokoto, inaweza kuingizwa kwenye tanuri la umeme linaloyeyusha chuma chakavu, mahali pa chokaa ambayo tanuri hilo huihitaji kwa kawaida. Inayeyuka pamoja na chuma, inaelea juu kama povu la uchafu, na ikipozwa haraka inatoka ikiwa klinka upya. Wazo hili linanivutia kwa sababu linaunganisha mabaki mawili ya jengo lilelile, zege na nondo zake, ndani ya tanuri moja. Hata hivyo kiasi chake kimefungwa na wingi wa chuma kinachoyeyushwa kwa njia hiyo. Njia nyingine ni kupunguza klinka yenyewe. Karen Scrivener na wenzake wa Uswisi wameendeleza saruji ambayo karibu nusu ya klinka inabadilishwa kwa udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa joto la chini pamoja na chokaa mbichi, na kaboni inapungua kwa hadi asilimia 40. Huo si mzunguko kwa maana kamili, lakini ni nafuu kubwa inayopatikana kwa malighafi za kawaida.

Na ipo njia ya tatu, ambayo ni rahisi zaidi na inashangaza kwamba haijazoeleka: kutolisaga zege kabisa. Mwaka 2021 huko Uswisi watafiti walikata kwa msumeno vipande 25 vya zege kutoka kuta za jengo lililokuwa likikarabatiwa, wakavitoboa, wakapitisha nyaya za chuma ndani yake na kuzivuta hadi vikakaza, kikawa kivuko cha watembea kwa miguu chenye umbo la upinde na urefu wa mita 10. Saruji mpya iliyotumika ilikuwa kidogo sana. Zege lilibaki zege.

Jijini Copenhagen mafundi walikutana na tatizo letu la mwanzo kabisa. Matofali ya majengo ya zamani ya kiwanda cha bia cha Carlsberg yalikuwa yameshikwa na mota ya saruji, na kuyatoa moja moja kulikuwa kuyavunja. Wakaacha kupigana na kiungo. Walikata ukuta wenyewe katika mapande ya mraba, kila moja kama mita moja kwa mita moja, wakayapanga upya kuwa uso wa nyumba mpya za makazi zilizokamilika mwaka 2019. Ukizitazama unaona viraka: wekundu uliokoza hapa, uliofifia pale, kama kanga zilizounganishwa. Mimi naona ni nzuri. Lakini ilibidi uwepo msumeno mkubwa, kreni na mbunifu mvumilivu, yote kwa sababu ya uamuzi uliofanyika ndani ya karai.

Chuma na udanganyifu wake

Chuma ndicho sekta ya ujenzi hupenda kukitaja ikiulizwa kuhusu mzunguko. Kweli, chuma chakavu kina soko, sumaku inakitenga kwa urahisi, na kikiyeyushwa kinatoka chuma tena. Alumini inapendeza zaidi: kuirejeleza kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa kwenye madini yake.

Lakini fikiria boriti ya chuma iliyofungwa kwa bolti juu ya ghala. Miaka 30 imepita, haina kutu, haijapinda. Kuikatakata kwa gesi, kuipeleka tanurini na kuitengeneza upya iwe boriti yenye umbo lilelile ni kupoteza moto, muda na usafiri kwa ajili ya kitu ambacho tayari kilikuwepo. Huko Winterthur, Uswisi, wasanifu wa ofisi ya in situ walilifanyia kazi wazo hilo walipoongeza ghorofa tatu juu ya karakana ya zamani, kazi iliyokamilika mwaka 2021. Walianza kwa kutafuta vitu kwanza, kisha wakachora. Boriti zilitoka kwenye kituo cha usambazaji kilichovunjwa Basel. Ngazi ya nje ya chuma ilitoka kwenye jengo la ofisi Zürich, na kwa kuwa urefu wa ngazi hauongezeki, urefu wa ghorofa ndio ulioifuata ngazi. Madirisha yalitoka sehemu mbalimbali, kwa hiyo hayafanani. Ukilinganisha na jengo la namna hiyo lililojengwa kwa vifaa vipya, hewa chafu ilipungua kwa karibu asilimia 60.

Mpangilio wa kazi umegeuka hapo, na ndiyo maana ofisi nyingi zinashindwa. Msanifu amezoea kuchora, kisha mkadiriaji majenzi akahesabu, kisha mkandarasi akanunua. Ukitumia vifaa vilivyokwisha kuwepo, manunuzi yanatangulia mchoro, na mwenye jengo analazimika kulipia na kutunza boriti kabla hajapata kibali.

Kidato cha juu cha ngazi ya Lansink, hata hivyo, hakihitaji kufumua chochote. Ni kuliacha jengo lisimame. Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wasanifu wa Ufaransa waliopata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 2021, wameishi kwa msimamo wa kutobomoa. Huko Bordeaux, kwenye majengo matatu ya makazi ya miaka ya 1960 yenye nyumba 530, wao na wenzao walikuta vyumba vidogo, madirisha madogo na baridi. Badala ya kuangusha, waliunda vizimba vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, wakavipanga nje ya jengo hadi juu, kisha wakatoboa ukuta wa zamani. Kila nyumba ikapata ukumbi wa kioo na roshani yenye kina cha mita 3.8. Wakazi hawakuhama. Misingi, nguzo na slabu, yaani sehemu ya jengo ambayo kuitengeneza kulitoa kaboni nyingi kuliko zote, ilibaki ilipo.

Matabaka yanayozeeka kwa mwendo tofauti

Msanifu Mwingereza Frank Duffy alionyesha kwamba hakuna jengo moja. Kuna matabaka yenye umri tofauti. Mmarekani Stewart Brand aliliendeleza wazo hilo mwaka 1994. Mifupa ya jengo inaweza kukaa kati ya miaka 30 na 300. Ngozi ya nje inabadilishwa kama kila miaka 20. Mabomba, nyaya na mitambo ya hewa inachoka kati ya miaka 7 na 15. Kuta za ndani zinahama kila mpangaji anapobadilika.

Sasa angalia tunavyojenga. Bomba la maji lenye maisha ya miaka 15 tunalizika ndani ya slabu yenye maisha ya miaka 100. Likitoboka, tunaita patasi na nyundo. Tunavunja vigae vizima ili kufikia bomba bovu, kisha tunavitupa vyote viwili. Waya wa umeme tunaufunika kwa lipu, fremu ya dirisha tunaizungushia povu na gundi, bodi za jasi tunazibandika badala ya kuzifunga. Kila mara kitu cha maisha mafupi kinafungwa ndani ya kitu cha maisha marefu, na kifupi kinakiua kirefu. Majengo mengi hayabomolewi kwa sababu mifupa imechoka. Yanabomolewa kwa sababu kurekebisha mambo ya ndani kumekuwa ghali kuliko kuanza upya.

Dawa yake ni ya kifundi, wala si ya kifalsafa. Bolti pale panapowezekana, badala ya kuchomelea. Skrubu badala ya gundi. Mota ya chokaa kwa ukuta usiobeba uzito mkubwa. Mabomba kwenye mfereji wenye mfuniko unaofunguka. Vipimo vya kawaida, ili kipande kipate kazi nyingine: jumba la kioo la Joseph Paxton lililosimamishwa Hyde Park, London, mwaka 1851 lilikuwa na vioo karibu 300,000, na kwa kuwa sehemu zake zilikuwa zinarudiarudia, lilifunguliwa na kusimamishwa tena Sydenham, ambako lilidumu hadi moto wa mwaka 1936.

Mfano wa siku zetu ni ukumbi wa manispaa ya Brummen, Uholanzi, uliokamilika mwaka 2013. Manispaa ilikuwa na wasiwasi kwamba mipaka yake inaweza kubadilika, ikaomba jengo la miaka 20. Msanifu Thomas Rau akalichora kama ghala la vifaa vinavyosubiri safari ijayo: mbao zikapewa vipimo vikubwa kidogo kuliko uzito ulivyodai, ili zikitoka ziwe na soko. Miaka michache baadaye alichora ofisi za benki ya Triodos huko Driebergen, zilizofunguliwa mwaka 2019, jengo la mbao lililofungwa kwa skrubu. Skrubu hizo zimehesabiwa. Ni 165,312.

Mtu anaweza kuuliza ya nini kuhesabu skrubu. Jibu ni kwamba kipande kisichojulikana hakina bei. Boriti iliyotoka kwenye jengo bila karatasi yoyote ni boriti ambayo hakuna mhandisi atakayeitia sahihi, wala bima itakayoikubali. Ni chuma cha daraja gani? Iliwahi kuungua? Imebeba nini? Kuipima kunawezekana, lakini kunagharimu, na mara nyingi gharama hiyo inazidi bei ya boriti mpya. Ndiyo maana ya ile inayoitwa pasipoti ya vifaa: kumbukumbu inayosema jengo lina nini, kiasi gani, kimefungwaje na kinatokaje. Ufaransa sasa inataka majengo makubwa, yenye zaidi ya mita za mraba 1,000, yafanyiwe ukaguzi wa vifaa kabla ya kubomolewa.

Pasipoti inalinda watu pia. Si kila kitu cha zamani kinastahili kurudi kazini. Asbestosi ilichanganywa kwenye karatasi za kuezekea, vigae vya sakafu na vifuniko vya mabomba; rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Mzunguko unaorudisha sumu ndani ya nyumba za watu ni madhara matupu, na fundi anayekwangua rangi bila barakoa ndiye anayeanza kulipa.

Nani analipa saa za kufumua?

Kama haya yote yanawezekana, kwa nini kijiko, yaani mashine ya kuchimbia, kinaendelea kubomoa? Jibu lilitolewa zamani na Walter Stahel, naye msanifu majengo, wa Uswisi. Mwaka 1976, katika ripoti aliyoiandika na Geneviève Reday kwa ajili ya Tume ya Ulaya, alieleza kwamba takriban robo tatu za nishati ya viwanda zinaliwa na uchimbaji na utengenezaji wa malighafi za msingi kama saruji na chuma, na robo moja tu inakwenda kwenye kuzigeuza kuwa bidhaa. Kwa ajira hali ni kinyume: robo kwenye malighafi, robo tatu kwenye kuzifanyia kazi. Kwa hiyo ukirefusha maisha ya kitu, unaweka mikono ya watu mahali pa moto wa tanuri.

Hoja hii nzuri ndiyo pia kikwazo. Kijiko na dereva wake wanaangusha nyumba ndogo kwa siku moja au mbili. Kuifumua kunahitaji kikundi cha watu kwa siku nyingi, wakianza na balbu na kuishia na msingi. Pale ambapo kazi ya mikono inatozwa kodi kubwa na dampo ni rahisi, kijiko kitashinda kila zabuni. Pale ambapo vifaa vipya ni ghali na mafundi wapo, hesabu inageuka, na ndiyo sababu watu wenye kipato kidogo duniani kote wamekuwa wakitoa misumari, kuinyoosha na kuitumia tena, bila kungoja mtu awape jina la jambo hilo.

Sheria inaweza kuihamisha mizani. Mji wa Portland, jimbo la Oregon, Marekani, uliamua mwaka 2016 kwamba nyumba zilizojengwa 1916 au kabla haziruhusiwi kuangushwa kwa mashine, lazima zifumuliwe. Mwaka 2020 mstari ukasogezwa hadi nyumba za 1940. Mkandarasi anayejua kwamba washindani wake wote wanabanwa na sharti hilohilo hana tena hofu ya kupoteza kazi kwa sababu amechukua muda. Brussels nako, kikundi cha Rotor kilichoanzishwa mwaka 2005 kimejifunza kutoa vigae, milango, taa na marumaru kutoka majengo yanayosubiri kubomolewa, kuvisafisha na kuviuza. Sehemu ngumu ya kazi yao ni ghala na kalenda, kwa sababu jengo linalotoa na jengo linalopokea hayaivi siku moja.

Mpaka mmoja lazima usemwe waziwazi. Mji unaokua unahitaji vifaa vingi kuliko vinavyotoka kwenye majengo yake ya zamani. Hata kila tofali na kila nondo ya zamani ikiokolewa, haitatosha kwa nyumba ambazo hazijawahi kuwepo, na chuma kilichomo kwenye majengo ya leo hakitapatikana kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujenzi wa dunia kwa miaka ijayo itakuwa ya vifaa vipya, na yeyote anayeahidi vinginevyo anapotosha. Mahali ambapo ujenzi mpya ni mwingi ndipo kufumulika kunapohitajika zaidi, kwa sababu ndipo ghala la kesho linapojazwa.

Ukiwa unajenga hata nyumba moja, siku ambayo mabomba na nyaya zimekwisha kulazwa na lipu haijapigwa, pitia kila ukuta na simu yako. Weka futi ya kupimia ukutani ionekane kwenye picha. Andika ukubwa wa nondo na uwiano wa zege ulioagizwa, bolti zilizotumika na mahali zilipo, na kila ukuta uliojengwa kwa chokaa. Chapisha karatasi hizo, zitie kwenye mfuko usiopitisha maji, uzihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Atakayekuja kuifungua nyumba hiyo huenda bado hajazaliwa, na atataka kujua aanzie wapi.